Barua ya wazi kwa Baba Mdogo: faneli ile usiigawe

Shikamoo Baba Mdogo,

Nakuandikia hadharani kwa sababu nikikupigia simu utasema "achana na hayo, njoo tule," na habari itaishia hapo. Pasaka iliyopita, pale nyumbani kwako Tukuyu, mvua ikipiga bati mpaka tunasemezana kwa kupaza sauti, nilikuuliza ulikuwa unafanya nini hasa miaka yote ile kwenye uwanja wa ndege wa zamani, Mbeya mjini. Ukajibu: "Kufukuza ng'ombe na kumimina mafuta. Historia ya ndege waulize marubani." Halafu ukamwambia mama mdogo ile faneli iliyotundikwa stoo apewe kijana wa jirani anayeuza petroli ya bodaboda kwa chupa.

Jibu hilo limenikaa rohoni tangu siku ile. Kwa heshima zote, baba, nalikataa.

Nilipoitoa faneli msumarini niliitazama vizuri. Ni ya bati nene, mdomo mpana kama sahani ya wali, na ndani yake pamefungwa kipande cha ngozi laini, jamii ya zile za kufutia vioo vya magari, kimekauka mpaka kimekakamaa. Ukanieleza huku unamenya viazi, kama mtu anayesimulia jambo la kila siku. Ngozi ikishalowa petroli, petroli hupita na maji hubaki juu. Usiku wa kwetu ni wa baridi, na pipa lisilojaa hutoa jasho kwa ndani. Jasho hilo huteremka likakaa chini ya mafuta. Ndiyo maana pipa likishabingirishwa halifunguliwi papo hapo. Linaachwa litulie, limeinamishwa upande mmoja ili maji yajikusanye kona moja, na mafuta ya mwisho kabisa hayaguswi. Asubuhi mtu anakinga mafuta kidogo kutoka chini ya tangi la bawani kwa kichupa cha kioo, anakiinua kwenye mwanga. Maji yakiwemo, yanaonekana chini kama ushanga. Unamwaga, unakinga tena, mpaka ushanga utoweke.

Injini ikivuta ushanga huo wakati magurudumu ndiyo kwanza yameacha ardhi, inakata. Na milima yetu haiko mbali.

Sasa nikueleze niliyoyasoma tangu Pasaka, maana mengi yalitokea kabla hujazaliwa, na kila nilipogeuza ukurasa nilikuona wewe na faneli yako.

Mwaka 1932 shirika la Kiingereza la Imperial Airways lilifungua njia ya kutoka London hadi Cape Town. Barua za kwanza ziliondoka London tarehe 20 Januari, na baada ya miezi michache wakaanza kupandisha abiria. Safari ilichukua takriban siku 11, wakirukaruka kutoka kituo hadi kituo: Nairobi, Moshi, Dodoma, halafu Mbeya, halafu Mpika na Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe. Mbeya, baba! Mji ulioanzishwa miaka ya 1920 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa ulikuwa kwenye ratiba moja na London, wakati miji mingi mikubwa kuliko huo haijawahi kuona hata kivuli cha ndege.

Ndege zilizotangulia kwenye njia hiyo ya kwetu zilikuwa de Havilland Hercules. Usiichanganye na Hercules ya Kimarekani, hiyo nitaifikia. Hii ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, yamefungwa pamoja kwa nguzo na waya, upana wa mita 24 hivi kutoka ncha hadi ncha, na injini 3. Pamoja na ukubwa wote huo ilibeba abiria 7 na mifuko ya barua, kwa mwendo wa kilomita 180 hivi kwa saa. Basi la usiku siku hizi likipata barabara nzuri linakaribia nusu ya mwendo huo.

Lakini hewa ya kwetu haikuipenda mizigo mizito. Wewe unajua, ulikuwa unawaona marubani wakipunguza mizigo mchana jua likiwaka. Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hapo hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15 hata siku ya baridi kali. Joto likipanda, inakuwa nyepesi zaidi. Bawa linashika hewa kidogo, injini inapumua kidogo, na ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka. Ndiyo maana Imperial Airways waliagiza ndege mpya kabisa kwa ajili ya kipande cha Kisumu hadi Cape Town na nchi nyingine za joto: Armstrong Whitworth Atalanta, yenye injini 4 na bawa moja tu, iliyotakiwa iweze kusafiri ikiwa futi 9,000 angani. Zilitengenezwa 8 tu. Nimeangalia picha yake kwa muda mrefu. Pua yake imechongoka vizuri, na ukiiweka kando ya ile Hercules yenye waya utadhani imezaliwa karne nyingine, kumbe zimepishana miaka 6. Nyanda za juu kama zetu ndizo zilizowalazimisha wahandisi wa Uingereza wachore upya. Jambo hili nalipenda kuliko yote niliyoyasoma.

Mwaka 1937 wakatuacha. Walileta ndege za kutua majini, Short Empire, na njia ikahamia pwani: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, kuelekea Durban. Sisi bandari hatuna. Mbeya ikabaki na ndege ndogondogo.

Kuna kisa kingine kilichonikosesha usingizi, cha vita ya kwanza ya dunia. Novemba 1917 Wajerumani walirusha puto lao kubwa la kijeshi, L 59, kutoka Jamboli huko Bulgaria, lije huku kusini kumpelekea Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi lao Afrika Mashariki, tani 15 za risasi, dawa na vifaa. Lilivuka bahari, likavuka jangwa, likafika karibu na Khartoum, ndipo likaamriwa kwa redio lirudi. Lilikaa angani saa 95 bila kutua na kwenda karibu kilomita 6,800. Kilichonigusa ni kwamba tangu mwanzo halikupangiwa kurudi. Huku hakukuwa na mtu wa kulijaza gesi upya. Lingefika, lingefumuliwa: kitambaa cha nje kishonwe mahema, vya ndani viwe bandeji. Chombo kikubwa kama kile, na kwa kukosa tu mtu wa chini mwenye kujaza, kilihesabiwa kuwa shehena ya vitambaa tangu siku kilipoondoka.

Mtu wa chini, baba. Ndiye wewe.

Nije kwenye Hercules ya pili, Lockheed, ndege ya jeshi la Marekani iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1954 na mpaka leo bado inatengenezwa. Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, alipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilibanwa mafuta, maana yalikuwa yakipitia kwake, na wewe umeshanisimulia malori yaliyokuwa yakipita Iringa na Mbeya kwenye tope, madereva wakilala chini ya magari. Angani nako kulikuwa na kazi. Kuanzia 1966 shirika la Zambian Air Cargoes lilirusha Hercules za kiraia kati ya Ndola na Dar es Salaam: zinakuja na shaba, zinarudi na mafuta. Chukua ramani, weka rula kutoka Dar hadi Ndola. Inapita karibu na Njombe. Shangazi husema kwamba alipokuwa msichana, akichuma majani ya chai, kulikuwa na ngurumo nzito juu ya mawingu ambayo hawakujua ni ya nini. Siwezi kuapa kwamba ndizo. Ila nilipoiweka rula ile, nilimpigia simu saa ile ile. Bomba la TAZAMA, la kutoka Dar hadi Ndola, lilipoanza kupeleka mafuta mwaka 1968, dhiki ile ikapungua.

Ya baada ya hapo ni yako. Dakota uliyokimbilia kuitazama ukiwa mtoto, ile inayokaa mkia chini pua juu. Caribou ya jeshi letu, iliyotoka Kanada, mkia wake umepinda kwenda juu ili gari liingie kwa nyuma. Fokker Friendship, bawa lake likiwa juu ya madirisha makubwa ya mviringo kiasi kwamba kila abiria anaona chini, na injini zake zinazopiga mluzi uliosema ulikuwa unausikia kabla ya mtu yeyote na kuanza kukimbiza ng'ombe. Ndege ndogo za madaktari na wamisheni. Hizo injini za pistoni ndizo zilizokula petroli ya faneli yako. Fokker ilitumia mafuta mengine, jamii ya mafuta ya taa. Nani aliandika hayo? Uwanja ulipofungwa, wewe mwenyewe uliniambia uliyaona madaftari ya zamani yakiwaka moto nyuma ya ofisi, na hakuna aliyekuuliza kama kuna la kuhifadhi. Ya Imperial Airways yamo vitabuni Ulaya, mpaka namba za ndege. Yenu hayamo popote.

Tangu Desemba 2012 ndege zinatua Songwe, njia ya mita 3,330, chini kidogo kuliko mjini na mbali na milima. Airbus A220 inateremka pale na watu zaidi ya 100 ndani. Nimemuuliza kijana mmoja anayefanya kazi ya mafuta ya ndege jinsi wanavyopima. Akasema wanavuta mafuta kwa sirinji kupitia kidude chenye karatasi, na karatasi ikigusa maji inabadilika rangi. Nikamwambia baba yangu mdogo alikuwa anatumia ngozi na kichupa. Akaacha alichokuwa anafanya, akaniuliza kama bado uko hai na kama anaweza kuja kukuona.

Kwa hiyo tunakuja wawili, Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Naleta sukari, naleta na kinasa sauti. Kijana wa bodaboda nimeshamnunulia faneli ya plastiki Mwanjelwa, utampa. Ile ya bati irudishe msumarini, na mwambie mama mdogo asiioshe kwa sabuni, ngozi itaharibika. Anza kukumbuka ng'ombe walikuwa wa nani, walikuwa wanaingilia upande gani, na ulikuwa na dakika ngapi tangu mluzi mpaka magurudumu kugusa chini.

Mwanao wa Mbeya