Masikio Yanayovuma Yana Tiba, Ila Haiuzwi Chupani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie tatizo ambalo watu wa Lamu hulilalamikia kwa sauti ya chini, nalo ni kuvuma kwa masikio. Yaliyonisukuma kuandika ni mambo mawili ambayo nimeyaona yakiwapata wazee, wavuvi na mafundi wa hapa kwetu. La kwanza ni matangazo ya matone na vidonge vinavyodaiwa kuukata mvumo kwa siku chache, matangazo yanayosambazwa kwa simu na kurudiwa madukani. La pili, ambalo kwangu ni baya zaidi kwa kuwa linatoka kwa watu wa fani yangu ya utabibu, ni jibu fupi analopewa mgonjwa baada ya kupanda boti, kupanga foleni na kulipa: "Hili halina dawa, nenda ukazoee." Jibu hilo lina ukweli nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo ambayo ingemfaa mgonjwa.

Mvumo wenyewe si ugonjwa bali ni dalili. Mwenye nao husikia filimbi, nyenje, upepo, mvuke au injini ilhali hakuna kinacholia, na anaweza kuusikia sikio moja, yote mawili, au katikati ya kichwa. Wenye hali hii si wachache. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa watu wazima zaidi ya milioni 740 duniani wana mvumo, na kwamba kwa zaidi ya milioni 120 kati yao ni tatizo kubwa maishani. Hapa pwani wako wanaosema kwamba sikio likivuma mtu anatajwa mahali, na wako wanaomswalia Mtume kila linapovuma. Kumswalia Mtume ni jambo jema, wala hakumzuii mtu kwenda kupimwa asubuhi yake.

Ili msomaji aelewe kwa nini matone hayasaidii, hana budi kujua mvumo unatokea wapi. Ndani ya mfupa wa kila sikio mna mfereji mdogo uliojisokota, na humo mna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000, ambazo kazi yake ni kuugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za umeme na kuzipeleka ubongoni. Kwa binadamu, seli hizo zikifa haziwezi kuota upya. Sehemu ya ubongo iliyozoea kupokea ishara kutoka kwa seli zilizokufa haikai kimya, bali huzidisha usikivu wake, hadi shughuli yake yenyewe ikaanza kusikika na mwenyewe kama sauti. Wako wagonjwa waliowahi kukatwa mshipa wa fahamu wa kusikia kwa upasuaji na mvumo ukaendelea vilevile. Basi tone la dawa lililotiwa kwenye tundu la sikio, hata likiwa la bei ya namna gani, haliwezi kufika mahali ambapo mvumo wa namna hii unazalishwa.

Nimesema wa namna hii kwa makusudi, kwa sababu upo mvumo mwingine unaotokana na mambo mepesi. Nta iliyoganda na kugusa kiwambo cha sikio inaweza kuleta mvumo na uziwi kidogo, na ikitolewa na tabibu anayejua kazi yake mgonjwa huondoka akiwa mzima. Wanaoisukuma nta hiyo ndani ni sisi wenyewe, kwa vijiti vya pamba, funguo, njiti za kiberiti na unyoya wa kuku. Mafuta ya zeituni yaliyo vuguvugu hulainisha nta, na sina ugomvi nayo, mradi kiwambo kiwe kizima. Lakini sikio lenye tundu au linalotoka usaha halitiwi mafuta, wala maji ya kitunguu saumu, wala kitu chochote ambacho tabibu hakukiagiza. Maambukizi ya sikio la kati, mafua yaliyoziba njia ya hewa kati ya pua na sikio, matatizo ya kiungo cha taya na ya shingo, yote haya yanaweza kuleta mvumo, na kila moja lina njia yake ya kutibiwa.

Sababu kubwa, ukiacha uzee, ni kelele. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) isisikilizwe zaidi ya saa 40 kwa wiki, na kwamba ikifika 90 saa hizo zishuke hadi 4 tu. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele mahali pa kazi zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 ndani ya siku moja. Kanuni hizo zipo, lakini katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kumwona mkaguzi akisimama mbele ya karakana ya mtaani ambamo kijana anaranda mbao za milango kwa mashine tangu asubuhi hadi alasiri, masikio wazi. Mashine ya kuranda huvuka desibeli 90 bila shida. Nahodha anayekaa kando ya injini ya boti kila siku kati ya Mokowe na Amu, msaga nafaka, kijana wa boda boda aliyeng'oa kizuia sauti cha pikipiki yake ili asikike mbali, na bibi arusi aliyekalishwa mbele ya maspika mawili usiku kucha, wote wamo hatarini. Asiye na kipimo atumie kigezo hiki: ikiwa huna budi kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, kelele hiyo inadhuru. Viziba masikio vya sponji ni vya bei ndogo sana ukilinganisha na mashine, na wanaotumia simu kusikiliza masikioni wasivuke asilimia 60 ya sauti yake.

Kundi ambalo halitajwi kabisa ni wapiga mbizi wetu wa kamba mawe, hasa wa Kizingitini na maeneo ya karibu katika kisiwa cha Pate. Kufika kina cha mita 10 tu, shinikizo huwa mara mbili ya lile la juu ya maji, na anayeshuka bila kusawazisha hewa ya masikio huweza kupasua kiwambo au kuumiza sikio la ndani, ambalo madhara yake ni mvumo, kizunguzungu na uziwi usiorudi. Kusawazisha ni kubana pua na kupuliza taratibu, tena mapema na mara kwa mara, kabla maumivu hayajaanza. Anayepuliza kwa nguvu baada ya sikio kuziba anajiumiza zaidi, na mwenye mafua asizame kabisa siku hiyo, hata kama bei ya kamba imepanda. Najua ushauri huu wa mwisho ni rahisi kwangu niliyekaa kwenye kiti kuliko kwa mwenye watoto wanaosubiri chakula, lakini sikio la ndani likishaharibika hata mbizi yenyewe huwa haiwezekani tena, kwa kuwa kizunguzungu chini ya maji kinaua.

Zipo pia dawa zinazoleta mvumo. Wazee wetu waliotibiwa malaria kwa kwinini wanaujua vizuri, na aspirini kwa kipimo kikubwa hufanya vivyo hivyo. Kwa kawaida mvumo wa dawa hizi mbili huisha zinapoachwa. Sindano za kuua vijidudu za jentamaisini, amikasini na streptomaisini, pamoja na sisiplatini inayotibu saratani, ni habari nyingine, kwani zinaweza kuziua zile seli za sikio moja kwa moja, hasa kwa mwenye figo dhaifu. Simwambii mtu azikimbie, maana huokoa maisha. Ninachosema ni kwamba zitolewe kwa kipimo, zisinunuliwe dukani bila cheti, na mgonjwa akisikia mvumo aseme siku hiyohiyo, asiiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Kabla sijafika kwenye tiba, kuna hali nne ambazo hazingojei. Mtu akiamka sikio moja halisikii, uwe upo mvumo au haupo, hiyo ni dharura: vidonge vya steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe wa ndani, vikianzwa mapema, ndani ya siku za kwanza na si zaidi ya wiki mbili hivi, huweza kuokoa usikivu, na anayekaa nyumbani mwezi mzima akitia matone huwa ameupoteza muda huo. Mvumo unaodunda sambamba na mapigo ya moyo unahitaji kuchunguzwa mishipa ya damu, presha, wingi wa damu na tezi ya shingo. Mvumo wa sikio moja pekee usiokoma unahitaji kipimo cha usikivu na pengine picha ya kichwa, kwa sababu mara chache husababishwa na uvimbe kwenye mshipa wa kusikia, ambao kwa kawaida si saratani lakini hukua. Na mvumo unaokuja kwa vipindi pamoja na kizunguzungu kikali, kutapika na sikio kujaa huenda ukawa ugonjwa wa sikio la ndani uitwao Ménière, ambao una matibabu yake.

Sasa nirudi kwenye lile jibu la "halina dawa." Ni kweli kwamba hakuna kidonge kilichothibitishwa kuuondoa mvumo wa kudumu. Mwongozo wa chama cha madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani wa mwaka 2014 unashauri wagonjwa wasipewe jinko (dawa ya majani ya mti), melatonini, zinki wala virutubisho vingine kwa ajili ya mvumo, na mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2020 unasema betahistini, ambayo ni dawa ya kizunguzungu, isitolewe kuutibu. Hata hivyo dawa hizi ndizo mgonjwa wa kwetu huuziwa, na nimemwona mvuvi mmoja aliyetumia fedha za msimu mzima kwenye duka la dawa ambalo sitalitaja, kwa chupa ambazo hazikuwa na uwezo wowote wa kumsaidia.

Lakini miongozo hiyohiyo inataja yanayosaidia. Mwenye mvumo na upungufu wa kusikia akipewa kifaa cha usikivu kinachomfaa, ubongo wake hupata tena sauti za nje ulizokuwa ukizikosa, na wengi husikia mvumo ukififia wakati wanapokivaa. Mwenye kukosa usingizi asilale kwenye kimya kitupu, kwa sababu kimya ndicho kinachoukuza mvumo. Pangaboi, redio ya sauti ya chini au kisomo kinachosikika kwa mbali huupa ubongo kitu kingine cha kushika. Na tiba yenye ushahidi bora kuliko zote ni ya mazungumzo, inayomfundisha mgonjwa kutambua fikra za hofu zinazoambatana na mvumo na kubadili namna anavyoukabili. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yalionyesha kwamba tiba hii hupunguza jinsi mvumo unavyoyavuruga maisha, ingawa sauti yenyewe huenda isipungue. Anayelala nyumba ya mbele ya bahari kule Shela, akifika mwezi wa pili wa kukaa huko, hayasikii tena mawimbi usiku, na si kwamba bahari imenyamaza. Ubongo umeamua kwamba sauti hiyo haina hatari. Mvumo huzoeleka kwa njia hiyohiyo, ila hauzoeleki kwa mtu ambaye kila anapousikia anadhani anapata wazimu, kiharusi au uvimbe. Ndiyo maana kumwambia mgonjwa "nenda ukazoee" bila kumpima, bila kumwondolea hofu hizo na bila kumfundisha jinsi ya kuzoea ni kumfungia mlango wa tiba. Wako wanaoangukia sonona kwa sababu ya mvumo, na hao wanastahili kusikilizwa kwa makini kuliko wanavyosikilizwa sasa.

Kwa hivyo ninawaomba matabibu wenzangu wafanye mambo matatu mgonjwa anapokuja: wachungulie sikio, waulize dawa anazotumia na kazi anayofanya, na wachukue robo saa kumweleza mvumo unatokea wapi. Mgonjwa naye aje na dawa zake zote, zikiwemo zile za mitishamba anazoona haya kuzitaja.

Serikali ya kaunti naiomba jambo moja. Tarehe 3 Machi ya kila mwaka ni Siku ya Kusikia Duniani, na sioni kwa nini siku hiyo isitumike kuanzisha ratiba ya kudumu ya kupima usikivu wa mafundi wa Langoni na Matondoni, manahodha wa Mokowe na wapiga mbizi wa Kizingitini na Faza. Vyuo vyetu vya utabibu hufundisha maafisa wa kliniki waliobobea katika masikio, na kipimo cha usikivu cha kubebeka kinaingia kwenye begi. Ratiba hiyo haidai jengo jipya; inadai afisa mmoja aliyepewa kazi hiyo kwa maandishi, na nafasi yake katika boti inayopeleka chanjo visiwani.

Tabibu Mstaafu,
Langoni, Lamu.