Wifi, usimwondoe mtoto wodini

Wifi yangu mpendwa,

Kaka ameniambia saratani ya damu ya mwanetu imerudi, safari hii imeonekana kwenye maji ya uti wa mgongo, ambayo huzunguka pia ubongo, na kwamba kuna wanaokushauri umrudishe kijijini, eti ikishafika kichwani basi. Nakuandikia hadharani kwa sababu najua si wewe peke yako unayeambiwa hivyo.

Habari ni nzito. Lakini kurudi si kwisha. Ubongo una kizuizi chake, na dawa nyingi za dripu hazikipenyi vizuri. Chembe chache za saratani zikijificha huko, damu huweza kuonekana safi miezi mingi huku zenyewe zinazaana. Ndiyo maana dripu na vidonge huongezewa dawa ya metotrekseti ya kuchomwa mgongoni, kisha mionzi ya kichwa. Mwaka 1967 huko Memphis, Marekani, Dkt. Donald Pinkel na wenzake wa hospitali ya St. Jude walianza utafiti wa kuunganisha dawa na mionzi hiyo kwa watoto waliogunduliwa karibuni, na karibu nusu yao wakapona, enzi ambazo takriban wote walikuwa wanakufa.

Madaktari wakianza na kemo, yaani hizo dawa za saratani, miezi kadhaa kabla ya mionzi, usidhani wamemsahau. Hata ugonjwa ukionekana kichwani tu, mara nyingi mabaki yake yamo pia kwenye uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na hayo ni kazi ya dawa.

Mionzi yenyewe haiumi. Plastiki yenye matundu hulainishwa kwenye maji ya moto, ikatandazwa usoni mwake, ikagandia sura yake. Hiyo ndiyo itakayomzuia asitikisike. Utatolewa nje dakika chache, na hapo ndipo atakapolia. Mwandae mapema, mwambie utakuwa mlangoni. Wiki kadhaa baadaye anaweza kusinzia kutwa nzima. Waambie madaktari, ingawa mara nyingi hupita. Homa, wifi, usiisubirishe hata hadi asubuhi. Mkimbize.

Sikufichi, mionzi ya kichwa huweza kumpunguzia mtoto wepesi wa kujifunza na hata kimo, hasa akiwa mdogo. Uliza dozi. Uliza kama kupandikizwa uboho kunamfaa. Uliza bila woga, mtoto ni wako.

Nauli ya kutoka wodini Muhimbili hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road kwenye mionzi nimeshamtumia kaka. Jumamosi nakuja kulala na mtoto wodini, nawe ukalale nyumbani.

Wifi yako