Dada, huo mkono wa kushoto

Dada,

Nakuandikia hapa kwa sababu simu hushiki, na meseji zangu unazisoma unanyamaza. Basi ikae hapa mbele ya watu, si hata yale maneno tuliyasema mbele ya watu.

Mama ameniambia mtoto wako Baba, tunayemwita hivo juu amebeba jina la mzee wetu, ameingia Grade 1 huko Nakuru. Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Halafu nikawaza ile siku ya kumbukumbu ya marehemu mzee na furaha ikaniisha.

Mimi bado niko pale kwa hema dada. MC anasema sasa tumwite mjukuu aliyebeba jina la mzee atusomee maneno mawili kwa programu, na ni wewe ulimtuma aseme hivo, nilikuona ukimnong'onezea. Mtoto wa miaka mitano. Akanyoosha mkono wa kushoto kuchukua karatasi, ukaupiga. Akachukua na wa kulia, akaishika juu chini, akaiangalia picha ya babu yake akanyamaza tu. Na wewe ukasema kwa maikrofoni, "Na huyu namlipia karo." Watu wakacheka. Mashemeji wakacheka. Yeye pia akajaribu kucheka, na hapo ndipo nilisimama.

Najua ungetaka nikuite kando. Dada mkubwa haambiwi mbele ya wakwe zake kwamba aliyeshindwa ni yeye si mtoto, hiyo najua, mama ametulea. Lakini ningekuita kando saa ngapi, na yeye alikuwa amesimama pale peke yake na watu wanamcheka? Ukanijibu kwamba mimi nalipwa kuimba na kuruka na watoto, na hata hiyo diploma ni karo yako. Ni kweli ni karo yako. Uliuza omena, hao dagaa, sokoni Kibuye huko Kisumu mvua ikikunyeshea ndio mimi nisomee ualimu wa chekechea, sijasahau na sitasahau. Ndio maana iliniuma hivo, juu kile ulicholipia mwenyewe ndicho hutaki kusikia.

Sasa sikia. Wimbo wa "moja mpaka ishirini" Baba aliujua akiwa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, lakini ukimpa vifuniko saba ahesabu alikuwa anagusa kimoja mara mbili na kuruka kingine. Kugusa kimoja useme namba moja, halafu ujue ile uliyomalizia ndiyo jumla ya vyote, hiyo kwa mtoto ni kazi ya miezi mingi na haiingii kwa kuandika 1 1 1 ukurasa mzima. Hizo nyimbo ulizozicheka, mtoto kabla ajue kusoma lazima masikio yake yashike kwamba ile "ma" iko kwa mama, iko kwa maji, iko kwa maziwa, akishaisikia ndio herufi itampa maana. Na udongo tunaofinyanga, ule uliosema anachafua uniformu bure, mifupa midogo ya kifundo cha mkono wa mtoto wa miaka mitano mingine bado ni gegedu, ule mfupa laini, haijakomaa, vidole vinatafuta nguvu kwa udongo na kwa kutunga shanga kabla ya penseli. Kungoja zamu pia anafundishwa. Kusema "naomba" badala ya kunyang'anya pia.

Huo mtaala wa umilisi tunaofundishia ulianza kote Kenya 2019 na PP1 na PP2 hazina mtihani wala namba moja wala namba thelathini, ticha anamwangalia mtoto akifanya kazi na anaandika ameweza nini na bado nini. Wewe ulitaka namba. Ukaniuliza, "Amekuwa wa ngapi?" nikakosa jibu, ndio ukamtoa kwangu ukampeleka kwa hiyo shule sitaitaja, homuweki mpaka saa tatu usiku mtoto analala kwa meza, na huo mkono wa kushoto wanauchapa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza viboko shuleni. Sikukulaumu ulipomhamisha. Au nililaumu, sawa, lakini kwa roho tu.

Na hivi umesahau mzee alishika jembe na mkono gani?

Wewe ndiye ulinifundisha haya yote, hiyo ndiyo sielewi. Nilikuwa sijaingia shule hata siku moja, ukanikalisha na gorogoro, ule mkebe wa kupimia, na kikombe kile cha bati, ukaniuliza vikombe vingapi vitajaza. Nikasema vitano. Hukuniambia ni makosa, ulisema jaza tuone. Nikajaza omena nikimwaga chini, mama akikaripia, na wewe ukiokota moja moja ukiniambia endelea. Darasani mwangu leo kuna gorogoro na kikombe. Watoto wanajaza mchanga.

Kuna kitu hukuona siku hiyo na sijamwambia mtu. Baada ya kelele nilimpeleka Baba nyuma ya jikoni, soda zilikuwa zimenyweka, vifuniko vimejaa chini. Sikumwambia kitu. Akaanza kuviokota, vya orenji huku, vyekundu kule, vile vilivyokunjika akavitenga, na mkono ule ule wa kushoto. Halafu akavipanga mbele ya viti akihesabu kwa Kijaluo, achiel, ariyo, adek, ang'wen, abich, kila kifuniko kiti chake, polepole, bila kuruka. Kikabaki kimoja. Akaangalia huku na huku akaniambia, "Anti, hiki ni cha babu, hana kiti."

Nilitaka kukuita uje uone. Nilikusikia ukilia kwa chumba cha mama, nikaona nisikuite. Labda ningekuita.

Nimemuuliza mama siku hizi anaandika na mkono gani, akasema nikuulize wewe mwenyewe. Basi nakuuliza.