Anza na mkono wa kushoto

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na hongera kwa kuanza ile Preludi ya Nne ya mtunzi Chopin, kile kipande chake kifupi cha piano. Unasema ni rahisi mno, mkono wa kulia hauna kazi. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo.

Ni kweli mkono wa kulia unaanza na mi, fa, mi, fa tu. Mwanakwaya yeyote angeiimba bila kufundishwa. Sasa uache mkono huo, upige wa kushoto peke yake, polepole. Karibu kila kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, ina sauti tatu. Moja inashuka nusu toni, yaani hatua ndogo kabisa ya piano, nyingine zinabaki palepale. Kisha inashuka nyingine. Ni nadra zote kushuka pamoja. Ndiyo maana ile mi ya juu, ambayo haijasogea, mara inatulia, mara inachoma. Huzuni yote inatoka huko chini. Watu humsifu Chopin kwa madoido ya mkono wa kulia, na kwenye nokteni zake, vile vipande vya piano vya utulivu, nayapenda kweli, lakini kwangu mimi ufundi wake mkubwa uko kwenye kodi. Tena aliujua vizuri muziki wa Bach, mtunzi wa kabla yake: hata preludi hizi, zilizochapishwa 1839, ni 24, moja kwa kila ufunguo wa muziki, mkubwa na mdogo, kama alivyofanya Bach.

Halafu, tafadhali, usiyumbishe mapigo kwa mikono yote miwili. Wanafunzi wa Chopin wamesimulia kwamba aliwaambia mkono wa kushoto ndio mwongozaji, ushike mapigo. Wa kulia ndio wenye ruhusa ya kuchelewa au kuwahi, kama mwimbaji wa opera. Nusu ya pili, alipoandika stretto, yaani kaza mwendo, hapo songa mbele kwa nguvu. Karibu na mwisho kuna kimya kabla ya kodi tatu za kumalizia. Usikifupishe.

Umeuliza kama inafaa kupigwa kanisani. Inafaa! Ilipigwa kwa kinanda cha kanisa kwenye mazishi ya Chopin mwenyewe, kanisa la Madeleine, Paris, Oktoba 1849. Ila kwenye piano ile noti ndefu hufifia yenyewe huku kodi zikibadilika chini yake. Kinanda cha kanisa hakifanyi hivyo. Kwa hiyo mkono wa kulia uchagulie sauti nyororo, na wa kushoto inua vidole kidogo kati ya kodi na kodi ili mapigo yasikike.

Ukishaizoea, nirekodie kwa simu, mkono wa kushoto kwanza.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafikiyo.