Mafuta ya makonyo, na hili la Hamadi

Mwanakombo shoga yangu,

Assalaam aleikum. Huku Unguja hatujambo, Alhamdulillahi. Mama anakusalimu na bado anaulizia ule mkeka. Nimekaa kimya tangu Idd, uniwie radhi.

Ama baada ya salamu, nina shida ya mafuta ya makonyo, haya ya vikonyo vya karafuu. Chupa moja tu, iwe ya kioo, maana plastiki yanaila.

Yule kijana wa Bi Asha aliye maabara kaniletea unga wa kitosani, unaotokana na maganda ya kamba na kaa. Niliukoroga kwa siki, kikombe kimoja kwa vinne vya maji, nikauacha usiku kucha ukawa kama uji mwepesi. Kisha nikatia matone ya makonyo. Machache, maana yakizidi samaki hunukia pilau kabla hajafika jikoni, watoto walicheka hao! Nikachukua minofu sita ya changu: mitatu nikaichovya, mitatu nikaiacha, yote deli moja, barafu ile ile. Siku ya tano ile mitupu ina utelezi, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo, na shombo imeshageuka uchachu. Iliyochovywa ilikuwa ngumu bado, inang'aa kama imepakwa ute wa yai. Ule utando huzuia hewa isichachue mafuta ya samaki, na huyashika makonyo yasipeperuke upesi. Ndani ya makonyo mna eugenoli, ndiyo inayowapasua vijidudu. Nilifurahi, Mwanakombo, nikakaa pale jikoni nikiutazama tu.

Sasa Hamadi. Alipoona, neno lake la kwanza: basi barafu ya nini tena? Anataka kuvusha jodari kuja huko Pemba kwenye harusi ya kina Zuhura, wamepakwa, bila barafu. Jodari! Akikaa kwenye joto saa chache tu, vijidudu hutengeneza sumu iitwayo histamini, na hiyo haitoki hata umpike kutwa. Mtu anakula, uso unamwiva, mwili unawasha, kichwa kinamgonga. Na samaki mwenyewe huenda asinuke vibaya. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu hata ile shombo ya kututahadharisha, makonyo yataifunika.

Nimemwambia kupaka ni kuongeza siku juu ya barafu, si badala yake. Akanijibu wazee wetu hawakuwa na barafu. Hawakuwa nayo, kweli, lakini walikula ng'onda na papa mkavu, samaki wa chumvi na jua, si mbichi aliyeshinda ndani ya dau. Juzi nikamrudia, akaondoka kabla sijamaliza.

Halafu wapo wanaodhurika na kamba, kama mumeo. Hao lazima waambiwe kabla hawajala, na harusini nani atamwambia nani?

Wewe anakusikiliza. Utaongea naye? Harusi ni Ijumaa hii au ijayo? Zuhura anajua samaki wanatoka wapi? Kile kiwanda cha makonyo cha Wawi bado kinauza chupa ndogo, na bei ikoje? Na mguu wa Mzee Faki umepona?

Nijibu hata mstari mmoja, lakini la Hamadi litangulie, chupa itafuata.

Wako,
Raya