Risala ya Kamati ya Wazazi kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wahitimu wetu, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuukubali mwaliko wetu na, zaidi ya hapo, kwa kufika. Wapo waliokubali tu.

Historia ya shule ni ndefu na jua ni kali. Ilianza kwa nguvu za wananchi, ikapata bweni la wasichana, kisha la wavulana, na leo ni miongoni mwa shule zinazotajwa katika tarafa hii. Kitaaluma, daraja sifuri linapungua kwa kasi ya kuridhisha. Katika UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, tumetoa mchezaji wa akiba wa timu ya wilaya. Kwaya umeisikia mwenyewe.

Mheshimiwa, tuna ombi moja. Changamoto nyingine zipo, ila kamati imekubaliana isizitaje, ili hili lisipate pa kujificha.

Shule hii ya bweni haina mfumo wa kutoa tahadhari ya dharura. Tunayo rimu ya lori iliyotundikwa mwembeni. Hiyohiyo ndiyo ya kuamshia, ya uji na ya prepu. Tulipofanya zoezi la moto, wasichana walitoka haraka sana, wengi wakiwa na vikombe mkononi. Wavulana, walioko ng'ambo ya korongo, hawakusikia kabisa.

Hatujitishi bure. Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, tulipoteza wasichana zaidi ya 40 katika moto wa bweni la shule. Idodi, Iringa, mwaka 2009, wasichana 12. Kwa majirani zetu Kenya, Septemba 2024, moto wa bweni la Hillside Endarasha, Nyeri, uliua wavulana 21. Zimamoto wanapatikana kwa namba 114, lakini gari lao liko mjini, na barabara yetu umeipita leo. Dakika za mwanzo ni za kwetu wenyewe.

Kompyuta tunazo: ofisini, maabara, na kwa matroni na patroni. Zikiunganishwa kwa mtandao wa ndani na kuwekewa programu ya tahadhari, matroni atabonyeza kitufe kimoja. Skrini zote zitataja bweni lenye hatari, spika za mabwenini zitapiga king'ora, na modemu itatuma ujumbe kwenye simu za walimu wanaoishi nje. Vikifungwa na vitambua moshi, mfumo utajiwasha hata matroni akiwa amelala. King'ora hakihitaji bando. Kinahitaji betri, maana umeme ukikatika ndipo mishumaa inapowashwa.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituambia, "Lihesabuni limekwisha." Tulipiga makofi, na wiki ileile wazazi wakachimba mtaro wa nyaya kutoka utawala hadi mabwenini. Mtaro sasa umeota majani, mbuzi wanaufurahia. Wa mwaka jana aliahidi ndani ya miezi mitatu; hakusema ya mwaka gani. Barua zetu hujibiwa, kwa lugha nzuri sana, kwamba suala linafanyiwa kazi.

Mheshimiwa, ankara kifani tatu, yaani makadirio ya bei ya mfumo huo, ziko kwenye bahasha mbele yako, chini ya soda. Utakaposimama, tunaomba utamke kiasi na mwezi. Katibu ameketi kulia kwako na daftari la kumbukumbu. Si kwa kukosa imani, ni utaratibu mpya wa kamati. Chakula kitafuata mara baada ya hotuba yako.

Tunaomba kuwasilisha.