Fidia ya mafundi wako, kabla kidole hakijakatika

Sinza, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi. Huku wote wazima, joto tu ndilo linalotuonea. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unauliza yule wakala wa bima aliyepita hapo kwenye karakana yako ya samani Keko na mkoba wake, anayekuuzia bima ya ajali za mafundi, umchukulie au umwache. Mwache akae kwanza. Si kwamba ni tapeli. Anachouza yeye ni paa, na wewe msingi bado hujauweka.

Msingi ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Upo kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, iliyotungwa 2008, na ulianza kazi Julai 2015. Kabla ya hapo mwajiri alikuwa ananunua bima kwa kampuni za bima, ndiyo maana wakongwe wa Keko bado wanakuambia "chukua bima tu, yatosha." Haitoshi tena. Kila mwajiri wa Tanzania Bara, wa serikali au wa binafsi, lazima ajisajili kwenye Mfuko, awe na fundi mmoja au mia. Hilo la "mimi mdogo" halimo kwenye sheria. Na asiyejisajili anaweza kufikishwa mahakamani, na adhabu yake si ya kuchekea.

Sasa tuje kwenye hela, maana najua ndiyo inayokukosesha usingizi. Kwa sekta binafsi mchango ulianza na asilimia 1 ya mishahara, ukashuka hadi 0.6, na tangu Julai 2022 ni asilimia 0.5. Chukua daftari lako. Fundi mkuu 500,000, mafundi wawili 400,000 kila mmoja, saidia fundi wawili 300,000 kila mmoja. Jumla 1,900,000. Nusu asilimia yake ni shilingi 9,500 kwa mwezi kwa karakana nzima. Kuku wa kienyeji humpati kwa hela hiyo.

Mshahara unaohesabiwa ni ule wa msingi pamoja na posho za kudumu zinazoandamana nao kila mwezi. Kwa hiyo kama fundi mkuu unampa 50,000 ya nauli kila mwezi bila kukosa, nayo iingize. Na hiyo 9,500 inatoka mfukoni mwako wewe. Usimkate fundi hata senti. Watu wanakosea hapa kwa sababu wamezoea NSSF, ule mfuko wa pensheni, ambako mfanyakazi naye hukatwa sehemu yake, basi wanachapa mstari mwingine wa makato kwenye karatasi ya mshahara. Kwa WCF ni kosa.

Lakini kosa linaloumiza zaidi ni la kuandika mishahara ya uongo. Nalijua daftari lako la pili, Zuhura, lile la "kuwaonyesha wakubwa". Fundi unamlipa 400,000 mkononi, kwenye karatasi unamwandika 200,000. Kwa mwezi umeokoa shilingi 1,000, elfu moja tu. Siku akiumia na kulazwa, malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya mshahara, na Mfuko unauangalia ule uliouandika. Badala ya 280,000 kwa mwezi atapata 140,000. Atakuja nani kudai tofauti? Mke wake, mlangoni kwako, na jirani zako wote wa Keko wakiwa wanasikiliza. Malipo hayo yanaweza kwenda hadi miezi 24, kwa hiyo fanya mwenyewe hesabu ya hiyo elfu moja.

Halafu hawa unaowaita deiwaka. Anayekuja Jumatatu hadi Jumamosi, anafanya kwa zana zako, unampangia wewe cha kufanya, huyo ni mfanyakazi wako hata kama unamlipa kwa siku au kwa kitanda alichomaliza. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Kijana anayejifunza kazi vilevile. Aliye nje ni yule fundi vanishi mwenye biashara yake, anayekuja na kompresa yake, anakupa bei ya kazi nzima na kesho yuko kwa mwingine. Usijaribu kuwageuza wote wawe "mafundi wa kujitegemea" kwa kuwasainisha karatasi. Kitakachoangaliwa ni hali halisi ya kazi, karatasi baadaye.

Na wewe mwenyewe? Karakana ni ya jina lako, hujajiajiri kwa mkataba, kwa hiyo Mfuko haukuhusu. Hapo ndipo namwona yule wakala ana maana: bima binafsi ya ajali kwa ajili yako, kwa sababu nawe unasimama kwenye mashine. Muulize pia bima ya mteja au mpita njia aliyeangukiwa na mbao zako, maana huyo si mfanyakazi wako. Ila kabla hujalipa, hakikisha kampuni ina leseni ya TIRA, wale wasimamizi wa bima.

Usajili hauna ujanja. Unafanyika kwenye tovuti ya Mfuko, au nenda ofisini kwao wakusaidie. Andaa TIN, yaani namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, hati ya BRELA ya kusajili jina la biashara, na orodha ya wafanyakazi yenye majina kamili, kazi ya kila mmoja na mshahara. Ulitakiwa ufanye ndani ya siku 30 tangu uanze biashara, hizo zimeshapita siku nyingi, basi usisubiri mwaka mpya. Baada ya hapo kila mwezi unapakia orodha, unatoa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontro namba, unalipa benki au kwa simu. Ukichelewa kuna tozo, nayo inajiongeza kadiri miezi inavyopita.

Majina! Nakuomba kabisa. Kwenye daftari lako kuna "Mandevu", "Mrefu" na "Baba Asha". Siku ya madai Mandevu hajulikani. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi, na namba yake pembeni. Akija fundi mpya tarehe 10, muingize mwezi uleule. Tatizo la kawaida kwenye karakana ndogo ni fundi kuumia wiki ya pili, jina halijapanda, kisha bosi anahangaika kueleza kwa nini mtu ambaye hayumo kwenye orodha alikuwa kwenye msumeno wake.

Tuongee basi kuhusu huo msumeno, kwa sababu hapo ndipo patakapotokea. Msumeno wako wa mezani kinga yake iko wapi? Imening'inia ukutani, bila shaka. Wanaitoa kwa kuwa inawaziba wasione mstari wanapochana mninga, na wakishaitoa hawairudishi. Kipande kikiwa kifupi mkono unafuata mbao hadi kwenye meno. Kata kigongo cha kusukumia, urefu wa mkono hadi kiwiko, kifunge kamba hapohapo mezani kisipotee. Na glovu wasivae kwenye mashine inayozunguka: jino likishika uzi wa glovu linavuta mkono mzima. Glovu ni za kubebea mbao.

Kikitokea cha kutokea, zima mashine kwanza. Bana jeraha kwa kitambaa safi, mkono uinuliwe juu. Kidole kilichokatika kabisa kisuuze taratibu, kizungushie kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, ufunge, halafu mfuko huo ndio uuweke kwenye barafu. Nyama isigusane na barafu, itaungua na daktari hatakuwa na cha kushona. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku 2019, kwa hiyo nunua ile ya vifungashio uweke kabisa kwenye sanduku la huduma ya kwanza, usianze kuitafuta damu ikitiririka. Hapo ulipo, Hospitali ya Temeke iko karibu. Wakiona inabidi, watampa rufaa kwenda MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Usafiri ni juu yako.

Siku hiyohiyo, kabla hujafunga karakana, andika: tarehe, saa, mashine gani, alikuwa anafanya nini, nani aliona, nani aliitwa. Piga picha mashine kabla hawajaisafisha. Una siku 7 za kuutaarifu Mfuko tangu upate habari, na siku hizo zinaisha upesi kwa kuwa siku tatu za kwanza unazimalizia hospitalini. Stakabadhi zote zitunze halisi, na omba ripoti ya daktari kila anapohudhuria. Aliyeumia kwenye barabara akipeleka kabati Mbezi kwa gari lako naye alikuwa kazini. Hapo ongeza taarifa ya polisi.

Kinachoharibu madai mengi si hila ya mtu, ni ule utu wetu wa "tutamalizana wenyewe." Bosi anatoa 50,000 na bandeji, fundi anashukuru, anarudi nyumbani. Miezi mitatu baadaye kidole kimeoza, na hakuna karatasi inayoonyesha kilianzia kwenye msumeno. Usimwandikie pia "uzembe wake" ukidhani unajikinga. Mfuko haulipi kwa kutafuta nani mkosaji, na maneno hayo yanamchelewesha tu. Akibaki na ulemavu wa kudumu, daktari anaupima kwa asilimia: usiozidi 30 analipwa mkupuo, ukizidi ni pensheni ya kila mwezi. Akifa kuna msaada wa mazishi na malipo kwa wategemezi, ndiyo maana nataka kila fundi akuachie majina ya mke au mume na watoto wake.

Usisahau vumbi. Magonjwa yatokanayo na kazi nayo yanafidiwa, ila yanakuja polepole: kijana wa msasa anayekohoa tangu mwaka jana, fundi wa randa anayekuomba urudie kila neno. Wapimwe afya wanapoanza kazi na baadaye kila baada ya muda. OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, wanataka hivyohivyo, na karakana yenyewe inatakiwa isajiliwe kwao. Bila kipimo cha mwanzo huwezi kuonyesha sikio lilikuwa zima alipokuja.

Nitumie picha ya daftari la mishahara la mwezi uliopita, lile la kweli, kabla ya Ijumaa. Na namba ya NIDA ya huyo kijana wa msasa, maana kwenye orodha uliyonitumia umeandika "Dogo".

Nisalimie mama.

Wako,
Rehema